Nyumba ya Cockermouth na Bustani Yake



Wengi wenu mmemsoma William Wordsworth shuleni, yule mshairi wa Kiingereza wa maua ya manjano kando ya ziwa. Leo twendeni mpaka alikozaliwa, mji mdogo wa Cockermouth, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Ukifika Main Street, nyumba yenyewe haikupotei. Ilijengwa mwaka 1745, nayo ni kubwa, madirisha tele. Utasema, kumbe bwana huyu alizaliwa tajiri!

Ngoja kwanza. Nyumba haikuwa yao. Baba yake, John, alikuwa wakili na msimamizi wa mali ya Sir James Lowther, tajiri aliyeogopwa eneo zima, na nyumba ilikuwa ya huyo tajiri. Wao walikaa bila kodi maadamu baba yumo kazini. Humo William akazaliwa tarehe 7 Aprili 1770, na Disemba ya mwaka uliofuata akazaliwa dadake, Dorothy. Watoto walikuwa watano, msichana ni yeye peke yake.

Ndani utaona jiko na vyumba vilivyopangwa kama zama zile. Ni vizuri, lakini usikawie sana. Toka nyuma, uende bustanini. Pita mboga na miti ya matofaa mpaka mwisho kabisa, kwenye baraza ya juu inayotazama mto Derwent. Hapo ndipo walipokuwa wakicheza. Uzeeni Wordsworth alieleza kuwa ukuta wake mfupi ulifunikwa na majani na mawaridi mpaka ndege wakajenga viota ndani. Yeye na Dorothy walikwenda kuchungulia kiota chenye mayai ya samawati. Dorothy alitamani kukaribia, huku akiogopa. Ameyaweka haya katika shairi la The Sparrow's Nest. Na mto nao, katika The Prelude anasema sauti yake ilimwingia usingizini tangu yu mtoto mchanga.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1778 mama yao akafariki. Dorothy, miaka sita tu, akapelekwa kwa jamaa huko Halifax, akakaa miaka tisa bila kuwaona kaka zake. Disemba 1783 baba naye akafariki, William akiwa na miaka 13. Nyumba ikarudi kwa mwenyewe. Na Lowther alikuwa akidaiwa na marehemu zaidi ya pauni 4,000, fedha nyingi mno wakati ule. Watoto wakadai, wakaenda mpaka mahakamani, yeye hakulipa mpaka akafa mwaka 1802. Mrithi wake ndiye aliyelipa. Miaka 19, jamani! Nyinyi mnajua mali ya yatima ni kitu gani, sina haja ya kuwasomea aya.

Ndugu wale wawili walipopata uwezo walikaa nyumba moja, na hawakutengana tena. Tarehe 15 Aprili 1802 walipita kando ya ziwa Ullswater wakayaona yale maua. Dorothy aliyaandika katika shajara yake. Shairi la kaka lilikuja mwaka 1804. Kwa hivyo mkifunzwa shairi lile, mtajeni na dada.

Nyumba yenyewe ilikaribia kutoweka. Mwaka 1937 kampuni ya mabasi iliinunua ili ivunjwe, pawe stendi. Watu wa mji wakachangishana, wakaikomboa, wakaikabidhi National Trust mwaka 1938. Lakini mto huwezi kuununua. Novemba 2009 Derwent ulifurika ukaiharibu bustani, ikapandwa upya, na Disemba 2015 maji yakaja tena.

Basi ukijaaliwa kufika, ulizia kwanza siku za kufunguliwa, maana majira ya baridi hufungwa. Na ukiwa na dadako, nendeni pamoja mpaka kwenye ile baraza ya mtoni.