Msiyakate Maneno ya Gicaamba
(Hotuba kwa Chama cha Wanafunzi wa Zamani, siku ya makutano ya mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya mchezo ambao Chama cha Maigizo kinakusudia kuuonyesha muhula ujao, yaani Nitaolewa Nikipenda. Nasikia baadhi yetu wameshauri kwamba uchezwe, lakini maneno marefu ya Gicaamba yakatwe, kwa kuwa eti ni siasa tupu na yatawachosha wageni. Mimi nimesimama kuwaomba msiyaguse.

Hadithi wengi mnaijua. Kiguunda, kibarua wa shamba, ana ekari moja na nusu tu. Tajiri Kioi na washirika wake wa kigeni wanakitaka kipande hicho wajenge kiwanda cha dawa ya kuua wadudu. Kiguunda anashawishika kufunga ndoa ya kanisani, anakopa benki kwa dhamana ya shamba, na shamba linakwenda. Gicaamba ni jirani yake, mfanyakazi wa kiwandani. Ndiye anayetueleza zamu ya asubuhi, ya mchana na ya usiku, na jinsi mtu anavyomalizika huku mshahara ukiishia kwenye unga.

Je, maneno hayo yalitoka wapi? Waandishi ni wawili, Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, lakini wote wawili walikuwa watu wa kalamu. Mwaka 1976 wanakijiji wa Kamiriithu, huko Limuru, walianza masomo ya watu wazima, na mchezo ukazaliwa humo, kwa Kikuyu. Mwaka 1977 mazoezi yalifanywa uwanjani, mwisho wa juma, ili watu wasikose kazi, na kila apitaye aliweza kukosoa. Waliowahi kuunda bunduki za kienyeji wakati wa Mau Mau walieleza hasa zilivyoundwa.

Jirani hapo ndipo kilipo kiwanda cha viatu cha Bata. Ngugi alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 kwamba wafanyakazi wa idara moja waliketi wakapiga hesabu, ili wawafahamishe wale ambao hawajapata kufanya kazi kiwandani. Wafanyakazi wote walikuwa kama 3,000. Wakaona kwamba viatu vya siku moja tu vilitosha kulipa mishahara ya wote ya mwezi mzima. Zile siku nyingine 29 walikuwa wakimfanyia nani kazi? Najua wahasibu tuliomo humu mmeanza kutikisa vichwa: na mashine je, na mtaji je? Waliyafikiria hayo pia, kuchakaa kwa mashine na kurudishwa kwa mtaji, na bado ikabaki fungu nono la kwenda kwa wenyewe, Kanada. Hayo ndiyo yaliyomtia Gicaamba ulimi. Ukimkata yeye, umebakisha kisa cha arusi na deni.

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977, katika uwanja wa watu 2,000 uliojengwa na wanakijiji wenyewe. Tarehe 16 Novemba serikali ikafuta kibali. Tarehe 31 Desemba Ngugi wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini mpaka Desemba 1978. Mwaka 1982 polisi wakaubomoa uwanja wenyewe.

Na jambo hili vijana mlitafakari. Mwaka huo huo wa 1977, mwezi wa Julai, mwandishi yeye yule alitoa riwaya yake ya Petals of Blood, kwa Kiingereza. Nayo ina kiwanda, kiwanda cha pombe, na wafanyakazi wanaounda chama chao na kupigania haki. Aliyeizindua alikuwa waziri, Mwai Kibaki, wala haikupigwa marufuku. Basi sidhani kwamba kilichowaudhi wakubwa ni siasa yenyewe. Naona kilichowaudhi ni kwamba mchuma chai na mshona viatu walikuwa jukwaani wakisema mambo yao kwa lugha yao, na wenzao wamekaa mbele wanaitikia.

Tangu hapo mchezo umekwisha kuchezwa Nairobi, mwaka 2022, katika Jumba la Kitaifa la Michezo ya Kuigiza, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza. Kama watu wa mjini wameweza kumsikiliza Gicaamba mpaka mwisho, wageni wetu watamweza.

Nina ombi moja tu, Mwalimu Mkuu. Kijana atakayecheza Gicaamba apewe ruhusa, kabla ya mazoezi, aende kiwanda kilichopo hapo chini barabarani, asimame langoni zamu zinapobadilishana, awaulize watu kazi yao ni nini na inalipa nini. Na mchezo usiwe Ijumaa usiku kama desturi yetu, maana nusu ya watu wale watakuwa kazini. Uwe Jumapili alasiri. Basi la kuwaleta nitalikodi mimi. Safu mbili za mbele, ambazo kwa kawaida huwa zetu sisi wazee, waachiwe wao.