Mzee Aliyeulizia Habari za Mtoto

(Mazungumzo ya redio. Somo: Esta 2:5-11 na 10:3)

  

Leo tumtazame mtu mmoja wa Biblia, jina lake Mordekai. Kitabu cha Esta kinamaliza habari zake kwa kutuambia kwamba alikuwa mkuu sana, wa pili baada ya mfalme, na kwamba aliwatafutia watu wake mema. Hicho ndicho cheo chake. Lakini sura nyingi kabla ya cheo hicho, kitabu kimekwisha kututajia kazi yake nyingine. Alimlea binti wa jamaa yake, mtoto aliyefiwa na baba na mama. Na binti huyo alipochukuliwa kwenda nyumbani kwa mfalme, Mordekai hakusema, "Kazi yangu imekwisha, sasa yuko mikononi mwa serikali." Kila siku alitembea mbele ya ua ule, apate kujua mtoto ana hali gani.

Hakuwa na ruhusa ya kuingia. Hakuwa na askari wala ofisi. Alikuwa na miguu yake na swali lake: Mtoto yu hali gani? Mungu aliona vema tusome swali hilo kwanza, ndipo tusome habari za cheo.

Katika nchi yetu hii ya chini ya Mlima Kenya tulikuwa na mzee ambaye maisha yake yalifuata njia hiyo. Ni marehemu Jeremiah Nyagah. Alizaliwa Embu mwaka 1920, miaka kumi tu baada ya wamisionari wa CMS kufungua kituo chao Kigari. Alisoma Alliance, shule ile ya mashirika ya Kiprotestanti iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926, kisha akaenda Makerere. Aliporudi alikuwa mwalimu. Alisimama mbele ya ubao, chaki mkononi, akiwatazama watoto wa watu wengine machoni, kabla hajasimama mbele ya umati wowote wa siasa.

Mwaka 1957 Bernard Mate, mtu wa Meru, aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka uliofuata, 1958, Mzee Nyagah naye akaingia, akiwakilisha Nyeri na Embu. Baada ya Uhuru alikuwa Mbunge wa Embu Kusini, na baadaye Gachoka, huko Mbeere ambako mvua ni haba na mama hutembea mbali kutafuta maji. Aliondoka Bungeni mwaka 1992. Hesabu mwenyewe, msikilizaji: ni miaka 34. Katika miaka hiyo alikuwa Waziri wa Elimu kuanzia 1966 hadi 1968, na katika miaka ya 1970 alikuwa Waziri wa Kilimo.

Lakini kuna cheo chake kingine ambacho wengi hukisahau. Alikuwa Kamishna Mkuu wa Maskauti wa Kenya. Ndugu zangu, fikirini jambo hilo. Waziri ana mambo mengi. Mahindi yanamngoja, kahawa inamngoja, mikutano haiishi. Naye anakubali kuvaa skafu shingoni pamoja na vijana wanaojifunza kufunga mafundo, kuwasha moto na kumsaidia jirani bila kuomba malipo. Kura haitafutwi hapo, maana mtoto hapigi kura. Hawezi kukupa kiti wala kukunyang'anya. Anayetoa saa zake kwa mtoto amezitoa kweli. Maskauti wa dunia nzima waliiona kazi hiyo, wakamtunukia Mbwa-mwitu wa Shaba, tuzo ya juu ya Kamati yao ya Dunia.

Sisemi kwamba alikuwa malaika. Hakuna mwanadamu aliyekaa katika siasa miaka 34 akatoka bila vumbi miguuni, na Bwana peke yake ndiye hakimu. Alifariki Aprili 2008, akiwa na umri wa miaka 87, wakati nchi yetu ilikuwa ikiuguza majeraha ya ghasia zilizofuata uchaguzi. Tulimpa heshima kwa hotuba na maua. Ilikuwa haki yake. Lakini maua hunyauka. Heshima ya kudumu ni kuishika kazi aliyoiacha marehemu.

Sasa nitawaambia kwa nini nimelileta jambo hili leo. Miaka mitano baada ya msiba ule, tarehe 27 Mei 2013, Mahakama Kuu ya Meru ilitoa hukumu ambayo kila Mkristo wa mahali hapa anapaswa kuijua. Wasichana kadhaa walikuwa wamenajisiwa. Wengine walikuwa na umri wa miaka 15; mdogo wao alikuwa na miaka 5. Habari zilipelekwa polisi, lakini uchunguzi haukufanywa inavyopasa. Shirika la Ripples International, lenye nyumba ya kuwahifadhi wasichana hapo Meru, likasimama nao mahakamani. Jaji Makau aliamua kwamba polisi, kwa kutofanya uchunguzi wa haraka na wa kufaa, walikuwa wamevunja haki za watoto hao chini ya Katiba, akaamuru uchunguzi ufanywe.

Ni rahisi kuinyoshea polisi kidole. Lakini tujiulize, kabla ya mtoto kufika kituoni alipita wapi? Alipita nyumba ya jirani. Alipita shule. Jumapili aliketi kanisani, pengine kwenye benchi la mbele, amenyamaza. Nani aliulizia habari zake? Mara ngapi jambo kama hilo limemalizwa gizani, kwa mbuzi mmoja na fedha kidogo, ili jina la ukoo lisiharibike? Na mara ngapi mshitakiwa akiwa mtu wa heshima, hata mtu wa kanisa, tumesema, "Tuombe tu, tuache"? Sala ni njema. Lakini sala inayotumiwa kumfunga mtoto mdomo haifiki mbinguni. Someni nyumbani Marko 10:13-16, mwone jinsi Bwana wetu alivyochukizwa. Hakuwachukizwa wapagani. Aliwachukizwa wanafunzi wake mwenyewe, kwa sababu waliwazuia watoto.

Basi tufanye nini? Tusingoje kuwa mawaziri. Wewe mzee wa kanisa, mjue kwa jina kila yatima katika mtaa wako, nawe upite kwao. Ninyi akina mama wa Umoja wa Mama, binti aliyeacha shule ghafula mwendeeni, mkae naye hadi aseme. Mwalimu, mtoto anayesinzia kila siku darasani, muulize jana usiku kulikuwa na nini. Na mtoto akikuambia amedhulumiwa, mwamini kwanza. Mpeleke hospitali siku ileile, kabla hajaoga, nguo zake usizifue. Nenda naye polisi, na kesho urudi kuuliza kesi imefika wapi, na kesho kutwa urudi tena. Mordekai hakutembea siku moja. Alitembea kila siku.

Na tuombe. Ee Baba wa yatima, twakushukuru kwa wazee waliotutangulia, waliotumia nguvu zao kwa ajili ya watoto wasio wao. Utusamehe sisi tuliopita mbele ya ua bila kuuliza. Uwaponye waliodhulumiwa, uwape mahakimu na askari wetu moyo wa haki, na sisi utupe miguu isiyochoka. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.