Vyeti vya Kompyuta na Uzoefu wa Kazi: Tuwasomeshe Vijana Wetu kwa Njia Ipi?

(Mazungumzo na wajumbe wa kamati za parokia na wageni wetu wafadhili, Lagangabilili)



Katika kikao kilichopita mlituuliza swali ambalo hatukulijibu vizuri. Fungu la vijana wanne lipo. Je, tuwalipie mitihani ya vyeti vya kompyuta, au tuwatafutie mahali pa kufanya kazi wakajifunza kwa mikono? Tuliahidi kurudi na jibu, na leo tumerudi, ingawa jibu lenyewe linaanza na kosa letu.

Tulipotangaza nafasi ya fundi wa kompyuta katika ofisi yetu, tuliandika kwamba mwombaji awe na cheti. Kijana anayetengeneza simu na kompyuta pale sokoni aliomba, nasi tukamrudishia barua yake kwa sababu hakuwa na karatasi. Tulimchukua mwenye vyeti viwili kutoka mjini. Printa ilipogoma wiki ya kuandaa taarifa ya mradi, alishinda siku mbili akisoma maelekezo. Mwishowe tulimwita yule yule wa sokoni. Alifungua, akapangusa vumbi, akatoa kipande cha karatasi kilichokwama, na taarifa ikachapwa. Tulimlipa shilingi elfu kumi. Aibu ilibaki kwetu.

Msielewe kwamba vyeti ni bure. Tazameni historia yetu. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya kuhamishia hesabu za Serikali kwenye mashine ilikwenda vibaya, wataalamu waliotegemewa wengi walikuwa wageni, na mwaka 1974 kuingiza kompyuta nchini kukapigwa marufuku. Mashine ilikuwapo; watu wetu waliofundishwa hawakutosha. Lagangabilili ilipokuwa makao makuu ya Wilaya ya Itilima, baada ya Mkoa wa Simiyu kuanzishwa mwaka 2012, ofisi zilikuja pamoja na kompyuta zake. Ni nani anayezihudumia? Mara nyingi ni mtu anayetumiwa nauli kutoka Bariadi au Mwanza.

Sasa tuseme juu ya bei. Mtihani wa cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, kinachoitwa CCNA, hulipiwa dola 300 za Marekani, yaani zaidi ya shilingi laki saba, bila kuhesabu masomo, nauli na malazi. Cheti hicho hudumu miaka mitatu, kisha lazima kihuishwe. Lililotushangaza ni kwamba Cisco wenyewe wanashauri mtahiniwa awe amefanya kazi hiyo mwaka mmoja au zaidi. CompTIA, wanaotoa cheti cha ufundi wa kompyuta cha A+, nao wanashauri miezi kama kumi na miwili ya kazi za mikono. Maana yake wenye vyeti wanadhani mtu ameshashika bisibisi kabla ya kuingia chumba cha mtihani. Sisi ndio tuliogeuza utaratibu.

Lakini uzoefu nao una kasoro zake. Fundi wa mezani hujifunza yale tu yanayoletwa mezani. Tumeona wanaofungua mashine ikiwa bado kwenye umeme, na wanaohamisha virusi kutoka kompyuta ya mteja mmoja hadi ya mwingine kwa kutumia diski ile ile, miaka nenda rudi, bila mtu wa kuwasahihisha. Mtaala humlazimisha mtu kujifunza asichopenda. Tena hapa kila mtu anajua ni nani aliyemtengenezea simu. Dar es Salaam hakuna anayejua, na huko karatasi ndiyo inayomsemea kijana.

Kwa mabinti jambo hili ni zito zaidi. Meza za mafundi sokoni zimejaa wanaume, na binti akiomba kukaa pale huambiwa akalete chai. Yeye cheti humfungulia mlango ambao kwa kaka yake tayari uko wazi. Kwa hiyo tunaomba angalau wawili kati ya wanne wawe mabinti, na mafunzo yao yaanzie darasani.

Kwa mafundi ambao tayari wanajua kazi, ipo njia isiyotumika vya kutosha. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi hupimwa kwa vitendo, hufundishwa pale alipopungukiwa, kisha hupewa cheti. Mafundi magari, waashi na maseremala wamenufaika nao. Tutaulizia kama fani ya kijana wetu wa sokoni inapimwa, na gharama yake tutaibeba sisi, maana tunamdai radhi.

Pendekezo letu basi ni hili. Mwaka wa kwanza fedha ziende kwenye posho ndogo ya kijana na shukrani kwa fundi atakayempokea, pamoja na vifaa vyake: mita ya kupimia umeme, pasi ya kulehemia, seti ya bisibisi. Kila kijana awe na daftari la kazi, na kila aliyehudumiwa, iwe ni zahanati, shule au duka, aandike kilichoharibika na kama kilipona. Ada ya mtihani tuiweke benki. Mwenye daftari lililojaa ndiye atakayelipiwa.

Ndugu wafadhili, tunajua posho haipigiki picha nzuri kama kompyuta kumi mpya zilizopangwa mezani. Hata hivyo tunaomba mtuletee posho.

Kamati zilete majina kabla ya msimu wa pamba kuanza, kwa sababu ukishaanza hatutawapata vijana wala wazazi wao. Tangazo letu la kazi tumeshalibadilisha: sasa linasema cheti au daftari.