Kabla ya Kulipa Ada ya Judo

Shikeni kurasa zenu, mfuate maneno yangu kwa macho. Leo twazungumza habari za mtu atakaye kujifunza judo au karate, au kumpeleka mwanawe, naye hajui achague shule ipi.

Jambo hili mimi mwenyewe lilinishinda. Mdogo wangu alitaka judo, nikamlipia ada ya mwaka mzima mahali palipojaa vikombe na picha ukutani. Sikukaa kutazama hata somo moja. Siku ya tatu aliangushwa na mwanafunzi mzito kuliko yeye. Akanyosha mkono ili ajizuie, akavunjika mtulinga, yaani mfupa ule ulio kati ya shingo na bega. Hakuna aliyemfundisha kuanguka. Nilipodai fedha zangu, nikaonyeshwa karatasi niliyoitia sahihi bila kuisoma: ada hairudishwi. Nami ni ofisa wa elimu! Chekeni tu.

Basi, kabla hujalipa, omba ruhusa ukae pembeni utazame somo zima. Mwalimu akikukataza, nenda zako.

Ukiisha kaa, usiwatazame mabingwa. Mtazame yule aliyeingia juzi. Je, anafundishwa kuanguka? Katika judo hili ndilo somo la kwanza. Anapoangushwa chali, huinamisha kidevu kifuani ili kisogo kisipige chini, huuviringisha mgongo, kisha huupiga mkeka kwa mkono mzima, tangu kiganja hata juu ya kiwiko, wakati ule ule mgongo unapofika chini. Hivyo kishindo huenea mahali pengi, hakiangukii kiungo kimoja. Atarudia mara nyingi sana, achoke na kununa. Lakini mwalimu mwema hamwonei haya kumrudisha.

Tazama pia amepewa mwenzi gani. Judo ilipoingia katika michezo ya Olimpiki mara ya kwanza, mjini Tokyo mwaka 1964, wachezaji waligawanywa kwa uzito, ingawa palikuwa na kundi moja la watu wa uzito wowote. Ikiwa mabingwa walipimwa kwa mizani, mgeni wa siku tatu aachwe hivi hivi?

Kisha angalia mtu anapokabwa. Akiupiga mkeka au mwili wa mwenzake kwa kiganja, maana yake ni “nimeshindwa, niache,” na mwenzake sharti amwachie mara moja. Ukiona anaendelea kukaba kidogo, na mwalimu anacheka, umekwisha pata jibu lako. Katika karate, tazama kama wanafunzi wapya hufundishwa kuzuia ngumi kabla haijafika usoni pa mwenzao.

Na mkanda mweusi? Wengi huuogopa. Daraja la kwanza la mkanda huo kwa Kijapani huitwa shodan, maana yake daraja la mwanzo. Isitoshe, mkanda huuzwa dukani kama shati. Muulize mwalimu kwa adabu alifundishwa na nani, na nani alimpa daraja. Mwalimu wa kweli hujibu kwa furaha, mara nyingi kwa maneno mengi kuliko uliyotaka. Anayekuahidi mkanda mweusi kwa miezi michache anakuuzia kitambaa.

Tena uliza kama waweza kulipa mwezi mmoja kwanza. Dai stakabadhi.

Mdogo wangu alipona, akahamia mahali pengine, chumba kidogo kisicho na kikombe hata kimoja. Majuma mengi ya kwanza alianguka tu, na kila jioni alinilalamikia.

Sasa mwalimu wenu atawapeni karatasi ya mfano ya kujiunga na shule ya judo. Isomeni polepole. Tafuteni mstari unaotaja ada, mwupigie alama, kisha mwambiane maana yake kabla mtu yeyote hajatia sahihi wala kidole gumba. Kwa herini.