Chaja Inapokataa Betri: Mazungumzo na Wakazi wa Mpakani, Busia

Wapo waliouliza kwa nini polisi waache habari za wezi na magendo, waje kuzungumzia betri. Jibu ni fupi: hapa Uganda kikosi cha zimamoto kimo ndani ya Jeshi la Polisi, na nyumba inapowaka ni sisi tunaoitwa.

Ijumaa moja jioni tuliitwa kwenye chumba cha kijana apigaye picha za harusi. Alikuwa na droni aliyoiunda kwa mikono yake, kazi ya kusifiwa kwa kweli, na harusi ilikuwa kesho yake. Chaja ikaikataa betri. Rafiki akamfundisha ujanja: aiambie chaja kwamba betri ile ni ya nikeli, kwa kuwa katika mpangilio huo haikagui seli moja moja. Chaja ikakubali. Akaiacha betri juu ya godoro, akatoka kutafuta chapati. Aliporudi, moshi ulikuwa umejaa chumbani, na nyuma ya mlango palikuwa na dumu la petroli la lita 20. Jirani alilitoa kabla hatujafika. Hakufa mtu, lakini kamera iliteketea, pamoja na akiba yote iliyofichwa chini ya godoro.

Tumeirudia habari hii kwa sababu wengi hudhani chaja inayokataa ni chaja mbovu. Mara nyingi inasema kweli. Seli moja ya betri ya lithiamu polima ikijaa huwa na volti 4.2, wala haifai kushuka chini ya volti 3. Ikishushwa mno na kuachwa hivyo, shaba iliyo ndani huanza kuyeyuka; ukiichaji tena, shaba hiyo huweza kujijenga mahali pasipofaa na kuunganisha pande mbili zilizopaswa kutengana. Hapo joto huzaa joto, na moto haungoji kiberiti.

Basi chaja ikikataa, tuanze na mambo mepesi. Je, kile kichwa cheupe cha nyaya nyembamba kimeingia sawasawa? Je, idadi ya seli iliyowekwa kwenye chaja ndiyo iliyoandikwa kwenye betri? Kisha tupime kila seli kwa mita ya fundi. Seli mbili zikionyesha volti 3.8 na ya tatu 2.1, betri hiyo imekwisha, hata kama ilinunuliwa mwezi uliopita na hata kama harusi ni kesho. Iliyovimba, iliyotoboka au inayotoa harufu tamutamu kama ya rangi ya kucha haihitaji hata kupimwa. Tunajua bei yake inauma. Kuikandamiza ili irudi bapa, kama tulivyoona wengine wakifanya kwa tofali, ni kuichokoza.

Iliyo nzima ichajiwe kwa kiasi chake: yenye uwezo wa miliampea-saa 2,200 ipewe ampea 2.2, isizidi, isipokuwa mtengenezaji ameandika vingine. Ikitoka kuruka ingali moto, ipoe kwanza. Iwekwe juu ya saruji au ndani ya chungu, mbali na mapazia, godoro na, tunawasihi ninyi mnaouza mafuta kwa madumu, mbali kabisa na petroli. Mwenye betri akae hapo macho. Kuchaji usiku watu wakiwa wamelala hatukubaliani nako hata kidogo. Betri itakayokaa wiki nzima bila kazi iachwe kwenye volti 3.8 hivi kwa kila seli, si ikiwa imejaa.

Ikianza kufuka moshi, watoeni watoto kwanza, kisha zimeni umeme kwenye swichi kuu ikiwa mnaifikia salama. Moshi ule ni sumu, msiinamie kutazama. Mchanga mkavu huzuia moto usienee, na maji mengi, umeme ukiwa umezimwa, huipoza betri. Hata ikizimika yaweza kuwaka tena baada ya saa kadhaa, kwa hiyo isirudishwe ndani.

Wanaovuka mpaka na betri mfukoni wafunike ncha za waya kwa selotepu, zisigusane na sarafu au funguo. Habari za vibali vya droni zenyewe ni ndefu, tutazileta siku nyingine.

Nambari ya kupiga ni 999 au 112, huku na kule ng'ambo. Atakayepiga aseme mapema kwamba kinachowaka ni betri, na kama kuna petroli karibu.