Mailchimp na Hesabu ya Bure

Mailchimp, huduma ya kutuma barua pepe za matangazo, ilipouzwa kwa kampuni ya programu za fedha ya Intuit mwaka 2021 kwa takriban dola bilioni 12, wengi walitazama bei. Mimi natazama njia. Ben Chestnut na Dan Kurzius waliianza Atlanta, Marekani, mwaka 2001, kama kazi ya pembeni ya ofisi yao ya kutengeneza tovuti. Hawakuchukua mtaji wa mwekezaji wa nje. Mishahara ilitoka kwenye ada za wateja, wengi wao wafanyabiashara wadogo.

Mwaka 2009 wakaruhusu watu watumie bure, na ujanja ulikuwa hapo: barua pepe ya asiyelipa ilibeba nembo ya Mailchimp chini kabisa. Mwenye duka la maua akitangaza bei zake, anaitangaza pia Mailchimp, bila malipo, kwa watu ambao hawajawahi kuisikia. Orodha yake ya wapokeaji ikinenepa, anaanza kulipa. Ila bure hiyo iligharimiwa na wateja waliokuwa wakilipa tayari. Anayeanza leo na akaunti tupu ya benki akiiga, asishangae akifunga mapema. Na doa lipo: wafanyakazi hawakuwa na hisa, na mauzo yalipotangazwa, baadhi walinung'unika. Haki yao.