Makala: Uma wa baiskeli na mfuko wa mzazi mjini Stockholm

Theluji inapoyeyuka mjini Stockholm, kati ya mwezi Machi na Aprili, baiskeli zilizolala msimu mzima wa baridi katika vyumba vya chini vya majengo ya ghorofa hutolewa nje, na pamoja nazo hutoka madai ya watoto kwa wazazi wao. Katika kitongoji cha Skärholmen, kusini-magharibi mwa jiji hilo, dai la kijana mmoja wa miaka 14 lilikuwa uma mpya wa mbele wenye shokapu kwa ajili ya baiskeli yake ya milimani. Mamaye, mzaliwa wa Tanga, alidhani kwanza mwanawe anataka chombo cha mezani. Wala Kiswidi hakikumsaidia, maana nacho hutumia neno moja, gaffel, kwa vyote viwili.

Uma wa baiskeli, msikilizaji, ni ile mihimili miwili inayolishika gurudumu la mbele, ikaungana juu na kuingia katika fremu kwa shingo moja. Kwenye Phoenix zinazobeba magunia ya mkaa katika barabara za Afrika Mashariki, uma ni chuma kitupu, hauna springi, na hudumu miaka na miaka. Shokapu kwenye uma wa baiskeli za milimani zilianza kupata umaarufu pale Mmarekani Paul Turner alipoanzisha kampuni ya RockShox mwaka 1989. Mwaka uliofuata, katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Durango, Colorado, Greg Herbold alishinda mbio za kuteremka mlima akiwa na uma wa kampuni hiyo. Uma ule wa kwanza ulibonyea kwa chini ya milimita 50 tu, na ndani yake mlikuwa na hewa na mafuta. Jambo hilo la hewa litarejea baadaye katika mkasa huu.

Kijana huyo alikuwa na sababu. Rafiki zake huendesha kwenye njia za msituni za Lida, upande wa Tullinge, na mara nyingine hufika Hellasgården katika hifadhi ya Nacka, ambako mizizi ya misonobari na mawe laini yaliyosuguliwa na barafu ya kale hujaa njiani. Mwishoni mwa vuli alikuwa amerudi nyumbani kidevu kimechubuka na kiganja kimevimba. Uma wake wa zamani ulikuwa umeshika kutu, haubonyei tena, na gurudumu lilipogonga mzizi likaruka pembeni. Kwa upande wa mama, anayefanya kazi za zamu ya usiku ya kuwatunza wazee, fedha zilizokuwapo zilikuwa zikiwekwa kidogo kidogo kwa ajili ya nauli ya kwenda Tanga kumwona bibi. Kila krona iliyotumika kwenye baiskeli ilitoka kwenye mfuko huo.

Kijana akaja na jawabu lake. Katika Blocket, tovuti ya matangazo ambako Waswidi huuziana vitu vilivyotumika, aliona uma wa milimita 140, wa jina kubwa, kwa bei ya uma mpya wa kawaida. "Mama, huu ni wa mashujaa," alisema. Mama akajibu, "Mwanangu, mashujaa wana wadhamini. Mpelekee kwanza mzee wa ghorofa ya pili aukague."

Mzee huyo, aliyekuwa fundi baiskeli Kigoma kabla ya kuhamia Sweden, alipokea shikamoo ya kijana, akachukua futi na kuanza kupima. Uma ule ulikuwa mzima, ila haukuwa wake. Shingo yake ilikuwa pana kwa chini, inchi moja na nusu, ilhali fremu ya kijana ni ya aina ya zamani inayopokea shingo iliyonyooka ya inchi moja na sehemu moja ya nane. Tena mwenyewe wa kwanza alikwisha kuikata kulingana na fremu yake. Shingo ikishakatwa fupi haiungwi. Na hata kama ingeingia, fremu hiyo iliundwa kwa uma unaobonyea milimita 100. Kuongeza 40 ni kuinua pua ya baiskeli, kuufanya usukani uwe mzito kwenye kona za polepole, na kuutwisha uungio wa mbele wa fremu mzigo ambao haukukusudiwa. Hapo ndipo fremu hupasuka. Mzee akakagua pia ukubwa wa gurudumu, unene wa ekseli na mahali pa kufungia breki ya diski, kwa kuwa kimojawapo kisipooana, uma huwa pambo la ukutani.

Baada ya hapo akamuuliza kijana swali ambalo hakulitarajia: "Una kilo ngapi?" Alikuwa na 46.

Hilo ndilo swali ambalo wanunuzi wengi hulisahau. Uma za bei ya chini kabisa hutumia springi ya chuma, na kwa kawaida springi hiyo huchaguliwa kiwandani kwa kumfikiria mtu mzima. Mtoto mwepesi akikaa juu yake, haibonyei ipasavyo. Anabeba kilo mbili na nusu za chuma mbele bila kupata faida yoyote. Kile kifundo cha juu kinachozungushwa hakiilegezi springi, bali huikaza tu kabla ya safari. Uma wa hewa, kinyume chake, hujazwa kwa pampu ndogo maalumu yenye geji, kulingana na uzito wa mpandaji, na huweza kuwa mwepesi kwa nusu kilo. Kipimo chake ni rahisi: kijana avae kofia na mkoba wake, akae juu ya baiskeli taratibu, kisha ashuke na kutazama pete ya mpira iliyo kwenye mguu wa uma imesukumwa umbali gani. Kwa uma wa milimita 100, iwe kati ya 15 na 25. Ikizidi, aongeze hewa, ikipungua, aitoe.

Na kama fedha hazifiki uma wa hewa? Ushauri wa mzee ulimkasirisha kijana, lakini ni wa haki: uma mgumu wa chuma pamoja na tairi pana lisilojazwa sana ni bora kuliko shokapu ya mapambo.

Hatimaye mama alinunua dukani uma mpya wa hewa wa milimita 100, wa toleo la mwaka uliopita, ulioshushwa bei. Haukuwa rahisi kuliko ule wa Blocket. Lakini kwa sheria ya Sweden iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2022, mnunuzi anayeuziwa bidhaa na mfanyabiashara ana miaka mitatu ya kulalamikia kasoro, na ikijitokeza ndani ya miaka miwili ya kwanza, huhesabiwa kuwa ilikuwapo tangu mwanzo isipokuwa muuzaji athibitishe vinginevyo. Ulinzi huo haumhusu anayenunua kwa mtu binafsi. Kwenye mtandao, mnunuzi huwa pia na siku 14 za kubadili nia.

Inafaa kutaja kwamba kilomita chache kaskazini mwa Stockholm, huko Upplands Väsby, ndiko yaliko makao ya Öhlins, kampuni iliyoanzishwa na Kenth Öhlin mwaka 1976 na kuheshimiwa duniani kwa shokapu za pikipiki na za baiskeli. Kijana aliitaja mara mbili. Mama hakuitaja.

Kilichobaki ni matunzo. Njia za baiskeli za Stockholm humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi ndiyo iliyoua uma wa kwanza. Kwa hiyo miguu hufutwa kwa kitambaa kila baada ya safari, na mafuta ya ndani hubadilishwa kwa ratiba ya mtengenezaji, ambayo kwa RockShox, mathalani, ni kila saa 50 za kuendesha kwa sehemu ya chini. Baridi nayo ina hila yake. Uma uliojazwa hewa sebuleni penye nyuzi 20 hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya shinikizo ukifika nje penye nyuzi 10 chini ya sifuri.

Mwezi Oktoba kijana alikuwa amefikisha kilo 51. Pete ya mpira ilisoma milimita 27. Alishuka hadi ghorofa ya pili kuazima pampu.